Mabakuli Manne ya Kimea

Wiki ya mwisho ya Februari mwaka 2016, kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa kimeketi uani kwa shangazi, mtaa wa Isevya mjini Tabora, mweka hazina alipotoa wazo lililokaribia kuvunja kikao. Mwanawe aliyekuwa masomoni alikuwa amemweleza kwamba Marekani kuna chama cha wanawake wapika bia, Pink Boots Society, kilichoanzishwa mwaka 2007 na mpika bia aitwaye Teri Fahrendorf, ambaye kazini alivaa buti za mpira za rangi ya waridi, na kwamba ikikaribia tarehe 8 Machi wanawake wa nchi mbalimbali hukutana kupika bia pamoja. Basi akapendekeza kwamba sisi sita, ambao pombe ndiyo iliyotulipia ada za watoto na marejesho ya mikopo, tuje siku hiyo kila mmoja na pombe aliyoibuni mwenyewe, si ile aliyoachiwa na mama yake.

Shangazi alizicheka kwanza hizo buti, kwani yeye maisha yake yote alipika kwa kandambili. Kisha akanigeukia mimi, kana kwamba wazo lilikuwa langu.

"Pombe haibuniwi, mwanangu. Pombe inarithiwa."

Sikumjibu, maana hakuna aliyejibizana naye. Lakini nilikuwa nimemsaidia kuchuja tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, na nilijua kwamba mtama ulipopanda bei alichanganya mahindi, na mahindi yalipokuwa makavu mno aliongeza ulezi, wala hakuna mnywaji aliyewahi kulalamika. Ubunifu alikuwa nao siku zote. Jina la ubunifu ndilo hakulitaka.

Niliamua kutumia ulezi mtupu pamoja na asali, kwa kuwa Tabora ukitafuta asali ya miombo huhangaiki. Nikanunua daftari la kurasa thelathini na mbili na kuandika kila nilichopima. Shangazi aliliona akaguna tu.

Kimea cha kwanza kiliniharibikia. Nililoweka ulezi usiku mmoja, nikautandaza juu ya gunia na kuufunika hadi ukachipua vizuri, lakini masika hayana huruma: jua lilitoka kwa kuvizia, na siku ya tatu ya kuanika gunia lilinuka uvundo. Nilikimwaga chote, kwa kuwa kimea kilichoota ukungu kina sumu ambayo kupika hakuiondoi, na mteja huwezi kumwambia hivyo baadaye. Cha pili nilikikaushia jikoni, juu ya wavu, mbali na moto.

Kosa la pili lilikuwa la haraka zangu. Nilikoroga uji wa ulezi, na kabla haujapoa nikamimina kimea. Kinachogeuza wanga kuwa sukari kimo ndani ya kimea chenyewe, nacho hufa katika uji unaotokota. Kwa hiyo nilisubiri usiku kucha na asubuhi nikaonja uji uleule mzito, usio na hata dalili ya utamu wa togwa. Shangazi alichovya kidole katika sufuria yangu, akakilamba, akasema, "Kidole kikivumilia mpaka uhesabu tano, hapo ndipo unatia." Hesabu hiyo niliiandika kwenye daftari mbele ya macho yake. Safari hii hakuguna.

Mara ya tatu uji ulipoa, kimea kikafanya kazi yake, na jioni ukawa mtamu na mwepesi. Nikatia machicha ya pombe ya shangazi kuwa chachu, nikaongeza asali lita moja, nikafunika pipa kwa kitambaa. Kesho yake povu lilikuwa limeinua kitambaa, na ukiinama ulisikia pombe ikichemka yenyewe bila moto, sauti ninayoipenda kuliko hesabu ya mauzo.

Tarehe 8 Machi tulipanga vibuyu sita juu ya mkeka. Kimoja kilikuwa kichachu hata aliyekipika akakataa kukionja, kingine cha mahindi na ndizi kilimalizwa kabla sijapata zamu. Changu shangazi alikichukua mwisho. Alikunywa kata nzima bila kupumzika, akafuta midomo kwa ncha ya khanga, akaketi kimya kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko masika yote.

"Asali imezidi kimea," alisema hatimaye. "Umeandika mabakuli mangapi?"

"Manne, shangazi, kwa nusu debe ya unga."

"Futa. Andika matano."

Nilitoa penseli nikaandika tano pembeni, kwa herufi ndogo, na jina lake mbele yake. Ile nne sikuifuta.