Saba nukta mbili, mara mbili

Leo swali la mistari miwili limenila zaidi ya saa nzima. Kani ya niutoni 30 (niutoni ni kipimo cha kani) inavuta kuelekea mashariki. Nyingine, ya niutoni 40, imeinuka nyuzi 60 kutoka hapo kwenda kaskazini. Tafuta jumla yake kwa mchoro.

Skeli nikaweka sentimita 1 kwa niutoni 5. Mshale wa kwanza sentimita 6, wa pili 8, mkia wake ukianzia kwenye ncha ya mwenzake. Nikaunganisha mwanzo na mwisho, nikapima: 7.2. Yaani niutoni 36. Nikasita. Wawili wavute kamba kwa pande zinazokaribiana, halafu jumla yao ipungue nguvu za mmoja?

Nikafungua ukurasa mpya. Safari hii nikaianzisha mishale yote kwenye nukta moja, nikaunga ncha kwa ncha. 7.2 tena! Basi, nikalipigia jibu mstari, tena miwili.

Kumbe michoro yote ilikuwa mibovu, kila mmoja kwa ubovu wake. Kipimapembe kina safu mbili za namba, na alama ya 60 ndiyo hiyohiyo ya 120. Kwenye mchoro wa kwanza nilifuata safu isiyo yake, mshale ukalala nyuma. Kwenye wa pili, mstari wa ncha kwa ncha haukuwa jumla bali tofauti ya vekta zile, yaani kani zenye ukubwa na mwelekeo. Urefu ukaangukia palepale. Hata mwelekeo haukunisaidia: mmoja nyuzi 74, mwingine 106, ambazo kwenye kipimapembe ni alama moja. Niliisoma 74 mara zote mbili, nikafurahi.

Kilichonitoa ni uvivu. Nilipochora upya ili jibu liwe safi nilianza na ile ya 40, maana mpangilio haubadilishi kitu, kisha ile ya 30 nikailaza mashariki kutoka nchani, bila kuhangaika na kipimapembe pale. Ikatoka 12.2, nyuzi 35. Niutoni 61, kwa hesabu ni 60.8. Si haba kwa penseli butu, hasa ukizingatia kwamba kukosea digrii moja tu kunahamisha ncha ya mshale wa sentimita 8 kwa zaidi ya milimita moja.

Ile mistari miwili chini ya 36 bado ipo. Niliikandamiza mno, kifutio hakiiwezi.