Bahari ya Southsea

Mwaka 2014 nilikuwa nasoma Portsmouth, mji wa manowari kusini mwa Uingereza. Mama mkubwa alikuja London kumwangalia binti yake aliyejifungua, na arubaini ilipokwisha akanipigia simu: nimchukue nimpeleke Southsea. Sikuwa na haja ya kumuuliza kwa nini Southsea. Wazanzibari wa rika lake wanajua kuwa Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliishi huko miaka mingi baada ya kupinduliwa.

"Mama mkubwa, nyumba yake siijui, na hata ningeijua nisingepiga hodi."

"Nani kakwambia namtafuta mtu, mwanangu? Mimi nataka kuiona bahari anayoiangalia."

Tukapanda treni ya asubuhi. Stesheni ya Portsmouth Harbour imejengwa juu ya nguzo, bahari iko chini yako ukishuka tu, na bandari ya kijeshi iko pale pale jirani. Nilimpeleka huko kwanza. HMS Victory, manowari ya zamani ya matanga, imekaa nchi kavu ndani ya gudi tangu 1922, lakini ukiingia sitaha za chini unaingia vitani: dari fupi, giza, mizinga imepangwa ubavu kwa ubavu, pua zimeelekea nje. Katika vita vya Trafalgar, 1805, ilibeba mizinga 104. Mama mkubwa alipita ameinama, buibui amelikusanya mkono mmoja, mkono wa pili akauweka juu ya mzinga mmoja na kuuacha hapo.

"Hizi ndizo zilizotupiga?"

Nikamwambia hapana. Zilizolipiga jumba la Sultani tarehe 27 Agosti 1896 zilikuwa manowari za moshi, na mizinga yake ilikuwa mingine kabisa. Vita vile havikumaliza hata saa nzima, na upande wa Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani bila ridhaa ya Waingereza, waliokufa na kujeruhiwa walikaribia 500. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jeshi ni lile lile," akasema.

Tulipokuwa tunatoka nikamsimulia habari ambayo huwa napenda kuwaambia wageni wangu wote wa nyumbani: kwamba mwaka 1836 Sayyid Said, Sultani wetu wa wakati ule, alimpa Mfalme William wa Nne marikebu nzima ya mizinga 74, iliyoundwa Bombay, na Waingereza wakaiita Imaum. Akasimama njiani. "Kumbe tulianza kwa zawadi!" Nilimwona imemgusa, maana aliirudia tena tulipokuwa ndani ya basi.

Pwani ya Southsea haina mchanga wa kutembelea. Ni vijiwe vitupu, vya kahawia na kijivu, vikubwa kama kungu, na kila hatua vinasaga chini ya kiatu na kukurudisha nyuma nusu ya ulikotoka. Nyuma yetu ilikuwa ngome aliyoijenga Mfalme Henry wa Nane mwaka 1544. Mwaka uliofuata meli yake, Mary Rose, ilizama mbele ya ngome hiyo hiyo, ikalala chini mpaka ilipoopolewa 1982. Watoto walikuwa wanakula chipsi zilizonuka siki. Hovakrafti ya kwenda Ryde ikapita inanguruma, Mama mkubwa hakuiangalia. Aliangalia alama ya mwani kwenye nguzo za gati, akasema maji yanajaa. Kisha akanyanyua macho. Siku ilikuwa safi na Kisiwa cha Wight kilionekana chote, mpaka miti yake.

"Kumbe ana kisiwa mbele yake," akasema.

Tukakaa kwenye benchi. Nikammiminia chai, na kabla hajaimaliza akaanza kunieleza Jumapili ya tarehe 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi, jambo ambalo kwetu halizungumzwi. Babu alikuwa Hizbu, chama kilichokuwa serikalini, nduguze bibi wa Ng'ambo walikuwa Afro, chama cha upinzani, na ili nyumba isivunjike watu wakaamua kunyamaza. Mimi sikuwahi kuwalaumu, wala siwalaumu leo. Siku ambayo wengine walishangilia kukombolewa, wengine walizika, na kwetu waliokaa sinia moja walikuwa wa pande zote mbili.

Alikuwa msichana wa skuli, wanakaa Malindi, mtaa wa mjini Unguja. Risasi ziliwaamsha kabla ya alfajiri. Walilala sakafuni, bibi amewafunika kwa godoro, na karibu yao kituo cha polisi cha Malindi kikaendelea kupigana wakati kambi za Ziwani na Mtoni zilikwisha kutekwa. Ndani ya kituo kile alikuwamo kaka yake, mjomba wangu. Baadaye mchana babu alifungua dirisha kidogo, akaangalia baharini, akasema neno moja: "Keshaondoka." Sultani alikuwa ameshapanda meli yake.

Mjomba alirudi usiku bila sare. Wakamficha, Ramadhani ikaingia na kutoka, kisha akavushwa kwa mashua kwenda Bara, na kutoka huko Dubai. Mimi niliambiwa alikwenda Dubai kutafuta kazi, akafia huko. Hata mama yangu, aliyekuwa ananyonya mwaka ule, alikua akijua hivyo hivyo.

"Mama anajua?" nikauliza.

"Leo atajua."

Alimpigia usiku, tulipokuwa chumbani kwangu, simu imewekwa mezani ili nami nisikie. Mama hakulia. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza maswali mfululizo: nani alimpeleka, chombo cha nani, aliondokea wapi. Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, dada yake akamjibu. Nikachukua daftari la masomo na kuandika kila kitu, majina, vijiji, hata bei ya nauli.

Ijumaa ya wiki ile ile mama alipanda gari kwenda Mkokotoni kuwauliza wazee wa huko, na mmoja wao alimkumbuka nahodha.