Siku moja kwenye kioski cha maji, mtaa wa Rhonda, Nakuru

Saa kumi alfajiri. Usiku wa mgao wa maji silali sana. Maji hayaji moja kwa moja: hutangulia hewa, na hewa hiyo huzungusha mita kama kawaida, nami hulipia upepo. Kwa hivyo nafungua vali kidogo kidogo, nasikiliza bomba, nikisikia limetulia ndipo naachilia. Tangi langu ni la lita 10,000, yaani mitungi 500 ya lita 20 kama hakuna anayemwaga. Leo nguvu ya maji ni ndogo. Kunapambazuka, limefika nusu.

Saa kumi na mbili. Foleni. Wenye mikokoteni ya punda hujipanga mbele kwa sababu wanaamka mapema kuliko sisi sote, na wakiachiwa watabeba kila kitu wakauze mtaa wa Kiamunyi kwa bei ya juu ya kule. Ukame huu umenifanya niweke sheria: akina mama na watoto wa shule kwanza.

"Mama, hata mimi nina watoto," mmoja ananiambia.

"Wanao hawanywi mitungi ishirini, kijana wangu. Rudi saa nne."

Ananung'unika, lakini anarudi saa nne.

Saa tatu. Watu wamepungua, nakunywa chai. Wateja huniuliza kwa nini siku hizi maji yana ladha nyingine. Mji wetu unapata maji kwa njia mbili: ya mito, kama yale ya bwawa la Turasha yanayopitia Gilgil na yale ya Mereroni; halafu ya visima virefu, kama vya Baharini na Kabatini. Mvua ikikosekana, mito ndiyo inayopungua kwanza. Tunabaki tukitegemea visima, ambavyo navyo vinategemea stima. Na maji ya ardhini huku Bonde la Ufa yamepita kwenye miamba ya volkano, yakabeba madini yaitwayo floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya bonde hili hupita hapo. Ndiyo maana wengi tuliokulia huku meno yetu ni ya kahawia. Kwa hivyo kiangazi hakipunguzi maji tu, kinabadilisha hata maji yenyewe unayokunywa.

Saa sita. Shosho mmoja anataka ya kunywa. Anasema atayachemsha. Namwambia kuchemsha kunaua viini, floraidi haiendi popote. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki. Nina ndoo yenye kichujio cha makaa ya mifupa ya ng'ombe, kinachopunguza floraidi. Mwanzoni watu walikikataa kwa kusikia neno mifupa tu. Leo shosho anachukua lita tano za kichujio kwa kunywa na kupikia, na mtungi mmoja wa kawaida kwa kazi nyingine. Kila mteja wangu angenunua hivyo, kichujio kingedumu na mjukuu wake angeota meno meupe.

Saa nane. Bomba linavuja kule barabarani tangu juzi, watoto wanaoga, bodaboda zinaoshwa. Nimepiga simu tena. Wasreb, wanaosimamia kampuni za maji, wamekuwa wakiripoti kwamba nchini zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayalipiwi: yanavuja, yanaibwa, au mita ni mbovu. Halafu kwenye redio naambiwa nifunge mfereji ninapopiga mswaki. Mfereji upi? Huku tunapiga mswaki kwa kikombe. Anayenunua maji kwa mtungi hahitaji kufundishwa kubana matumizi. Jirani yangu anasuuza nguo, maji hayo yanapiga deki, yanayobaki yanakwenda chooni. Ya kuosha mboga yanamwagiliwa sukuma wiki zilizopandwa kwenye gunia. Mafundi wakiziba ule mvujo, wataokoa maji mengi kuliko mahubiri yote ya redio.

Saa kumi. Mgeni kutoka Nairobi anashangaa: tunalia ukame na Ziwa Nakuru limejaa hadi likameza lango la mbuga na nyumba za mtaa wa Mwariki? Ndiyo. Ziwa limepanda tangu miaka ya 2010 hivi, lakini maji yake ni ya magadi, hayanyweki wala hayamwagilii shamba. Bwawa la Itare kule Kuresoi, ambalo lilitarajiwa kutuletea maji, ujenzi wake ulisimama 2018. Mgeni ananunua soda.

Saa moja jioni. Nahesabu pesa, nalipa deni la mita. Ujumbe unaingia kwenye simu: stima itakatwa usiku wa mgao ujao, kwa hivyo pampu za kisimani hazitafanya kazi. Nagonga tangi kwa kiganja kusikia maji yako wapi. Yako chini. Nachukua chaki, naandika ubaoni: kesho mitungi miwili kwa kila nyumba, mikokoteni ipumzike, wenye watoto wachanga wapite mbele.