Siku Moja Katika Hoteli Yangu ya Bondeni

Saa kumi na nusu alfajiri huwa nimekwisha kuwasha jiko. Nakuru ipo juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya saa hiyo hapa Bondeni haimsamehe mtu. Msichana anayenisaidia hukanda unga wa mandazi huku mimi nikichemsha maziwa. Hoteli yangu ni ndogo: meza nne, mabenchi na daftari la madeni linaloning'inia kwenye msumari karibu na rafu ya vikombe.

Saa kumi na mbili Babu huingia. Alifanya kazi ya reli hadi akastaafu, na hunywa chai yake ya rangi yenye tangawizi kabla hajamsemesha mtu. Wanaofuata ni vijana wa bodaboda, kisha Mwalimu. Mwisho wa benchi la dirishani umebaki wazi kwa majuma matatu sasa, bila mtu yeyote kuagiza hivyo. Juzi mgeni alipakalia na hakuna aliyemwondoa, kwa kuwa lile ni benchi, si kaburi.

Hapo ni pahali pa Fundi, mshonaji wa nguo wa mtaa wa pili, ambaye mkewe alifariki mwezi uliopita. Kamati ya mazishi ilikutana papa hapa jioni sita mfululizo. Nilizoea matanga ya zamani, kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, tulipokuwa tukizungusha bakuli na kusoma majina ya waliotoa kwa sauti. Siku hizi mweka hazina husoma ujumbe kwenye simu, lakini maswali ni yale yale: makafani inadai kiasi gani, basi litakodiwa kwa bei gani, nani atakwenda Vihiga na nani atabaki kuangalia watoto. Walioenda walipitia Kericho na Kisumu usiku kucha, wakazika, wakarudi. Mimi nilibaki kupika.

Saa mbili kasoro asubuhi ya leo Fundi aliingia, kichwa kimenyolewa. Nilijikuta nimeshika kijiko hewani. Babu alisogea kidogo, ingawa nafasi ilikuwa tele, na Fundi akaketi. Hakuna aliyesema pole, kwa sababu pole zote zilikwisha kutolewa matangani, na nadhani mtu akizipokea mia mbili, ile ya mia mbili na moja humchosha tu.

"Mvua imenyesha huko?" Babu aliuliza.

"Imenyesha, Mzee."

"Na mahindi?"

"Yamefika magotini."

Fundi aliikoroga chai yake kwa muda mrefu, chai ambayo mimi huipika na sukari ndani tangu sufuriani. Mwalimu alimsogezea nusu ya gazeti. Yakaisha hayo.

Babu anajua anachokifanya. Mwaka jana alimzika mwanawe, na kwa kuwa wao ni Waislamu, mazishi yalifanyika siku ile ile. Sisi wateja na mimi tulifika makaburini udongo ukiwa umekwisha kusawazishwa. Tuliona haya. Tukaanza kwenda nyumbani kwake kwa zamu, na mkaza mwanawe alipokuwa katika eda, ile miezi minne na siku kumi, Fundi ndiye aliyekuwa akipeleka chupa yangu ya uji kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani.

Kuanzia saa sita hadi saa nane sikupata nafasi ya kufikiri. Githeri iliisha mapema, nikaongeza ndengu, na mtu mmoja akalalamikia chapati.

Saa tisa, hoteli ikiwa tupu, Fundi alirudi na kusimama mbele ya rafu ya vikombe.

"Mama, nimekuja kuuliza deni la marehemu."

Alinieleza kwamba kwao, siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, ndugu huketi na kuulizana kama marehemu alidai au alidaiwa na mtu. Yeye alinyamaza siku hiyo, akijua kwamba mdai yuko Nakuru. Ukweli ni kwamba aliyekuwa akila kwa mkopo ni yeye mwenyewe, lakini mlipaji alikuwa mkewe, aliyekuja kila Jumamosi na kuweka alama ya vema kwa kalamu yake mwenyewe, kwa kuwa yangu hakuiamini. Kwa hiyo ukurasa una jina la mkewe.

Nilimfungulia. Deni lilikuwa shilingi 640. Chini yake niliandika jinsi Babu alivyolilipa lote siku basi lilipoondoka. Kesho yake, nikiwa sokoni, Mwalimu alimtumia msaidizi wangu 640 nyingine, naye hakujua kwamba limelipwa. Kijana wa bodaboda alileta 300, na nilipomwambia deni limekwisha, alisema ibaki hapo hapo, asije akaila njiani. Nilimrudishia Mwalimu zake akakataa kuzigusa.

"Kwa hiyo ni mimi ninayekudai," Fundi alisema.

"Shilingi 940."

Alicheka kidogo, kisha akafunika uso kwa kitambaa cha kupimia nguo kilichokuwa shingoni mwake. Niliingia jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi. Nilipotoka, nilimuuliza kama nifungue ukurasa mpya wenye jina lake.

"Acha huo huo," alisema.

Saa moja jioni alirudi pamoja na Babu, akala ugali na managu ya shilingi 80. Nikaandika chini ya jina la mkewe: 860.