Alison Des Forges, mwanahistoria aliyetoa ushahidi Arusha

Kila ninapomsikia mtu akidai kwamba mauaji ya kimbari ya Rwanda yalikuwa chuki ya kale ya makabila iliyolipuka yenyewe, humkumbuka Alison Des Forges, mwanahistoria wa Marekani aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuthibitisha kwamba sivyo.

Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1972, kwa utafiti kuhusu Mwami Musinga, mfalme wa Rwanda aliyetawala tangu 1896 hadi Wabelgiji walipomwondoa mwaka 1931. Huenda fitina za ikulu ya mwami zikaonekana ziko mbali na masuala ya usalama wa Maziwa Makuu, lakini naamini kwamba ndizo zilizomzoesha kuuliza nani ameamuru, nani ametii na kwa masilahi ya nani. Maswali hayo aliingia nayo katika shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch, na pia katika tume ya kimataifa ambayo mapema mwaka 1993 iliripoti kwamba maofisa wa serikali walikuwa wakishiriki katika mauaji ya Watutsi.

Katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu mauaji hayo ya kimbari, chenye kurasa zinazokaribia 800, sehemu inayohusu Butare, mkoa wa kusini mwa Rwanda, ndiyo ninayoirudia mara kwa mara. Mkuu wa mkoa huo, Jean-Baptiste Habyalimana, alijitahidi kuyazuia mauaji kwa takriban wiki mbili, mpaka alipoondolewa madarakani. Tarehe 19 Aprili 1994 rais wa serikali ya mpito, Théodore Sindikubwabo, akafika Butare kuwahutubia viongozi, na baada ya hapo watu wakauawa kwa maelfu. Chuki ya kale isingengoja mkuu wa mkoa aondolewe kwanza.

Hoja ya namna hiyo, iliyojengwa juu ya nyaraka za ofisi na maelezo ya walioshuhudia, ndiyo aliyoifikisha Arusha, katika mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia mauaji ya Rwanda, alikotoa ushahidi wa kitaalamu katika kesi 11, ikiwemo ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, ambaye mwaka 1998 alikuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Hakuyafumbia macho mauaji yaliyofanywa na askari wa RPF pia, waasi waliopigana na serikali iliyoendesha mauaji hayo na kisha kushika madaraka, akisisitiza kwamba wahanga wao nao wanastahili haki, na mwaka 2008 serikali ya Rwanda ilimzuia kuingia nchini. Alifariki tarehe 12 Februari 2009 katika ajali ya ndege karibu na Buffalo, huku kesi za Arusha zikiwa bado zinaendelea.