Siku moja maishani mwangu: usiku taa alipozaa kando ya mashua

Saa 9 alasiri nimeshaamka, na kazi ya kwanza ni ndoana. Nazipitisha moja moja juu ya ukucha. Isiyokwaruza ukucha ni butu, inarudi kwenye jiwe la kunolea. Siku hizi natumia za duara, zile ambazo ncha imejipinda kurudi ndani, kwa kuwa mara nyingi hushika pembe ya mdomo na samaki haimezi hadi tumboni.

Saa 11 jioni tunapakia: nanga, mishipi, ndoo, ngisi wa chambo. Mjomba anajaza maji ya moto kwenye chupa ya chai, na si ya kunywa. Mtu akichomwa na mwiba wa taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, hutumbukiza kidonda kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, maana joto huvunja nguvu ya sumu ile. Tangu nianze kuvua naye chupa hiyo haijawahi kuhitajika, na hajawahi kuiacha nyumbani.

Saa 1 usiku nanga iko chini, kwenye mchanga pembeni mwa mwamba, kina cha pima 9. Maji ni mafu, mkondo dhaifu, mwezi nusu. Mpaka saa 5 tumepata changu wa kutosha na chewa mmoja mdogo tuliyemrudisha.

Saa 6 na nusu mwezi ulikuwa umezama. Usiku wa namna hiyo naupenda kuliko wote: kila mshipi unapokata maji, unaacha mstari wa mwanga wa kijani, vijidudu vya baharini vinavyowaka vikitikiswa. Mstari wangu ukaanza kusogea pembeni, polepole, bila kudonolewa. Nikavuta. Mzito, haukuja. Nikajua nimenasa mwambani, nikashika kisu.

Mjomba akaweka vidole viwili juu ya mshipi. "Ngoja kwanza. Mwamba haupumui."

Kweli, ulikuwa ukipumua. Taa akishikwa hujibandika mchangani, na ukimvuta kwa nguvu unakata mshipi bure, kisha yeye anabaki na ndoana na uzi mrefu wa kuburuta. Nikaukaza tu, nikawa naugongagonga kwa kidole kama uzi wa zeze, mpaka akachoka kukaa akainuka.

Saa 7 kasoro alikuwa ubavuni mwa mashua, mpana kuliko urefu wa mkono wangu. Hatukumpandisha. Nikamulika kwa tochi: mdomo wake uko chini, kwa hiyo alikuwa akivuta maji kwa matundu yaliyo nyuma ya macho, yakifunguka na kufumba haraka haraka. Mgongo umevimba pande zote mbili za uti. Nikainama nichukue koleo. Nilipoinuka, kitu kilikuwa kinatoka chini ya mkia wake, kimeviringika kama mkeka.

Kilielea kidogo, kisha kikajikunjua. Mabawa mawili, mkia mwembamba kama ujiti, macho tayari yamefunguka. Mtoto wa taa, mpana kama kiganja changu.

"Anazaa, mjomba!"

"Anatoa. Ni sisi tuliomfanya atoe. Fanya upesi, mwanangu."

Nimeyafikiria sana maneno yale. Taa hatagi mayai. Hulea watoto tumboni, akiwalisha majimaji yenye mafuta mengi kama maziwa, na huzaa wachache tu kwa mara moja. Akishikwa, msukosuko humfanya awatoe kabla ya siku zao, na wasiokomaa hawaishi. Nikamteka yule mdogo kwa ndoo nimtazame tumbo. Kama bado ana kifuko cha kiini, chakula chake cha mwanzo tumboni mwa mama, basi tumemuua. Tumbo lilikuwa jeupe, laini, halina kitu. Nikainamisha ndoo taratibu, akatoka akipiga mabawa.

Mjomba akaubana mkia kwa mpini wa kasia, mwiba ukielekea nje. Ndoana ilikuwa pembeni mwa mdomo. Nikaishika kwa koleo, nikaigeuza mara moja, ikatoka. Wakati huo mtoto wa pili alishatoka, na wa tatu akafuata mama alipokuwa anageuka kwenda chini. Kila mmoja akaacha alama ya mwanga majini, ile kubwa na zile tatu ndogo. Nilizitazama mpaka zikafifia, mikono yangu ikitetemeka.

Hatukutupa tena mshipi pale. Saa 8 tuling'oa nanga tukahamia upande wa pili wa mwamba, na hadi alfajiri tukaongeza changu wanne tu.

Saa 1 asubuhi, samaki wakiwa wameshashushwa, nikaandika daftarini: mchanga, pima 9, taa jike, watoto watatu, wote wameondoka wakiogelea. Mjomba akanyoosha mkono akaichukua kalamu. Pembeni akaongeza: tusitie nanga hapa mpaka msimu ugeuke. Kisha akafungua chupa ya chai na kumwaga maji. Yalikuwa bado yanatoa mvuke.