Siku 28 za Vidonge vya Tomi

Leo asubuhi nimempa mbwa wangu Tomi kidonge chake cha mwisho, nikiwa nimekificha ndani ya kipande cha utumbo wenye mafuta kama nilivyofanya kwa siku 28 mfululizo, kwa kuwa daktari alisema dawa hii huingia mwilini vizuri zaidi ikiliwa na chakula chenye mafuta.

Sumu niliiweka mimi. Panya walikuwa wameingia stoo wakatoboa magunia matatu ya mahindi, na Jumamosi moja alipopita hapa Rau, Moshi, mchuuzi mwenye kipaza sauti, akitangaza dawa ya panya, mende na kunguni, nilimsimamisha nikanunua pakiti mbili za punje za buluu. Nilizimwaga nyuma ya magunia, nikafunga mlango, nikaamini kwamba mbwa hana njia ya kufika pale. Hadi leo sijui kama alizila zile punje zenyewe au alimla panya aliyekwisha kuzila. Daktari alinieleza kwamba yote mawili yanawezekana.

Kilichonipotosha ni zile siku za kimya. Jumapili, Jumatatu na Jumanne Tomi alikula, akabweka, akanisindikiza hadi barabarani. Jumatano alilala chini ya mgomba na hakuinuka nilipomwita. Alhamisi alfajiri alikohoa damu, na nilipomfunua mdomo nilikuta fizi zake zimekuwa nyeupe. Majirani walikuja kwa moyo mwema, na mmoja wao alileta maziwa, nami nikamnywesha, kwa sababu tangu utotoni nimesikia kwamba maziwa huua nguvu ya sumu. Hayaui. Kumtapisha mbwa kwa msaada wa daktari hufaa katika saa chache za mwanzo tu. Baada ya siku tano sumu imeshakaa kwenye ini, na mbwa aliyeishiwa nguvu akinyweshwa kwa lazima anaweza kupaliwa.

Dereva wa kwanza wa bajaji alikataa kumpakia. Wa pili alitandika gunia kwenye kiti cha nyuma na hakusema neno.

“Dada, nyumbani mmeweka sumu ya panya?” Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la daktari, na nilitamani sana kujibu hapana. Nilipomwonyesha pakiti, uso wake ulilegea kidogo. Alisema kwamba sumu nyingine hazina dawa, lakini hii inayo. Huzuia ini kutumia tena vitamini K, ambayo bila yake damu haiwezi kuganda. Mwili huendelea kwa siku chache na akiba iliyopo, ndiyo maana Tomi alionekana mzima, na akiba inapokwisha damu huanza kuvuja popote, hata kwenye mapafu. Dawa yake ni vitamini K1, ileile wanayochomwa watoto wachanga hospitalini ili wasivuje damu. Alimchoma chini ya ngozi kwa sindano nyembamba, akinieleza kwamba kuchoma kwenye msuli wa mbwa aliye katika hali ile kungemfanya avujie humo humo.

Kisha akaniandikia hesabu kwenye karatasi: kumwona daktari shilingi 20,000, dripu na sindano za siku mbili shilingi 90,000, na vidonge vya wiki nne shilingi 140,000. Kwenye simu nilikuwa na shilingi 64,000. Fedha nyingine niliyokuwa nayo ilikuwa mgawo wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na hiyo nilikuwa nimeitengea mbolea ya kukuzia.

Nilimpigia kaka yangu aliyeko Arusha. “Laki mbili na nusu kwa mbwa?” aliuliza, na hakuuliza kwa ukatili. Nyumbani kwetu tumezika mbwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupelekwa kwa daktari. Ningeweza kumjibu kwamba Tomi analinda nyumba, na ni kweli analinda, lakini sababu yangu haikuwa hiyo. Alikuwa akivuja damu kwa jambo nililolifanya kwa mkono wangu, dawa yake ilikuwepo, na fedha, ingawa ilikuwa ya kazi nyingine, ilikuwepo pia. Kama isingekuwepo, ningekubali sindano ya kumpumzisha milele, ambayo daktari alikuwa ameshanitajia kwa sauti ya chini, na simlaumu yeyote aliyelazimika kuichagua.

Nilidhani uamuzi mgumu umepita. Siku ya sita Tomi alikuwa akikimbiza kuku, fizi zake zimerudi rangi ya waridi, nami nikabaki na wiki tatu za kulipia dawa ya mbwa ambaye kwa macho ya kila mtu alikuwa amepona. Tulikubaliana ninunue vidonge kila wiki kwa shilingi 35,000. Wiki ya tatu nilisimama sokoni Mbuyuni nikiwa na kiasi hicho hicho mkononi, mfuko wa mbolea uko mbele yangu, mahindi yangu yameanza kuwa ya njano, na nikajiambia kwamba wiki mbili zimetosha. Lakini daktari alikuwa amenionya: sumu za siku hizi hukaa kwenye ini kwa wiki nyingi, na mbwa anayeachishwa dawa mapema anaweza kuanza kuvuja tena ndani ya siku chache, wakati ambapo mwenyewe ameshaacha kumwangalia. Nilikwenda kununua vidonge. Shambani nimeweka samadi niliyoomba kwa jirani, na mavuno ya mwaka huu yatapungua. Hilo nimelikubali, ingawa linaniuma.

Stoo sasa ina mitego miwili ya waya na pipa lenye mfuniko, na zile punje nilizifagia zote kwa tochi nikiwa nimepiga magoti.

Keshokutwa, saa 48 baada ya kidonge cha leo, Tomi atarudi kwa daktari atolewe damu kidogo iwekwe kwenye kichupa cha kioo, tuhesabu dakika hadi igande. Ikichelewa, vidonge vitaendelea, na nimeshaweka kando shilingi 35,000 nyingine. Nimezungumza na yule dereva wa pili wa bajaji. Amesema atakuja saa mbili asubuhi na gunia lake.